Uzi: Soko kubwa la wazi, kagua kwanza, bei baadaye

Mpekua Rundo

Wadau, uzi huu ni wa wanaoingia kwenye masoko makubwa ya wazi, yale yenye meza na maturubai kwa mamia, kutafuta vitu vizuri kwa bei nafuu, vipya na vilivyotumika. Mijadala mingi ya masoko haya huishia kwenye maneno ya kupatana bei. Naona huko ni kuanzia mwisho. Bei inashuka pale mnunuzi anapojua kitu kina kasoro gani, kama inatengenezeka, na fundi atataka kiasi gani. Asiyejua hayo, hata akipunguziwa nusu, anaweza kuondoka na mzigo wa kutupa. Naomba kila mwenye fani yake aeleze namna ya kukagua vitu vya eneo lake. Naanza na maandalizi.

Vya kubeba: futi ya fundi cherehani, sumaku ndogo, tochi, betri mbili za AA na mbili za AAA, pawabenki yenye kebo za vichwa tofauti, kitambaa chenye unyevu kidogo cha kufuta vumbi, na mifuko miwili imara, mmoja wa plastiki unaofungika kabisa. Andika vipimo vyako kwenye karatasi: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mguu kwa ndani, na urefu wa wayo kwa sentimita. Namba za lebo hazilingani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, sentimita hazibadiliki.

Fedha zigawe mara mbili. Za kununulia ziwe noti ndogondogo mahali pa karibu, nyingine zikae ndani ambako mkono wa mtu haufiki. Ukimwambia muuzaji huna zaidi ya kiasi fulani halafu ukachomoa bunda, hoja yako imekufa hapohapo.

Mzunguko wa kwanza usinunue. Zunguka, uliza bei ya kitu kilekile kwenye meza tatu za sehemu tofauti, na piga picha ya alama: namba ya kibanda, nguzo, rangi ya turubai, kona. Sokoni humo njia zote zinafanana, na "pale karibu na wauza mikanda" hakusaidii kama wauza mikanda wako arobaini. Vitu vizito acha mwisho.

Kanuni hiyo haihusu jambo moja. Kitu kilichotumika ambacho kipo kimoja tu, usikiache ukazunguke. Kikague, kiamulie hapo ulipo, ukichukue au usahau.

Sindano Tano

Nguo niachieni mimi.

Geuza ndani nje kabla ya kuangalia sura ya nje, kwa sababu makosa hukaa ndani. Fuata mpangilio mmoja usije ukaruka mahali: kola, kwapa, viwiko, pindo za mikono, makalio, pale miguu ya suruali inapokutana, magoti, pindo la chini. Kisha inua nguo dhidi ya mwanga. Kitambaa kilichochoka kwenye makalio au kiwikoni hupitisha mwanga kuliko sehemu nyingine, na hicho kitachanika ndani ya miezi hata kama leo hakina tundu. Tundu dogo lililo kwenye mshono si kitu, hushonwa dakika mbili. Tundu la ukubwa huohuo katikati ya kitambaa ni habari nyingine.

Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Ikifungwa halafu ikaachia nyuma ya kichwa, mara nyingi kichwa ndicho kimelegea na koleo linaweza kukibana. Jino likikosekana, zipu yote inabadilishwa, na kwenye jaketi lenye bitana kazi hiyo ni kubwa. Lastiki ivute karibu na sikio: ukisikia mchakacho kama wa majani makavu, mpira umekufa.

Vipimo: laza nguo, pima kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Linganisha na nguo yako inayokukaa vizuri, usilinganishe na mwili, kwa sababu nguo lazima iwe na nafasi ya kupumua. Suruali ilaze, pima kiuno, zidisha kwa mbili, kisha pima kina chake kutoka maungio ya miguu mpaka kiunoni mbele. Watu husahau hicho kina, wanarudi na suruali ya kiuno sawa isiyokalika.

Kinachorekebishika: urefu, kiuno kupunguzwa, mikono kufupishwa. Kiuno kuongezwa kunategemea akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma. Kukiwa na sentimita 2 kila upande, tegemea kupata kama 3 jumla, maana fundi lazima abakishe kidogo cha kushonea. Mabega ya koti yakikuzidi, liache. Kuyashusha ni kulifumua koti nusu nzima.

Madoa: manjano ya kwapa hutokana na jasho kuchanganyika na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho, na yakishazeeka hayatoki yote. Mafuta yaliyopigwa pasi au kupitishwa kwenye kikaushio ni hivyohivyo. Doa la kutu kwenye pamba nyeupe hutoka kwa asidi ya sitriki. Sweta la sufi lililoshikana likawa nene na gumu, meno ya ufumaji hayaonekani, limeshafuliwa kwa maji ya moto. Halirudi.

Mgeni wa Gulio

Dada Sindano, asante. Lebo ikiwa imekatwa nitajuaje kama ni pamba au polista? Na vipi kuhusu kunguni?

Sindano Tano

Ukiwa sokoni tumia mkono: kunja sehemu ya kitambaa kwenye ngumi sekunde kumi. Pamba na kitani hubaki na mikunjo, polista hurudi. Nyuzi za mchanganyiko hukudanganya hapa, kwa hiyo ni dalili, si ushahidi. Nyumbani chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, ushike kwa kibano, uuchome juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufi na hariri hunuka nywele. Polista huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Tafadhali usiwashe kiberiti kwenye meza ya mtu, masoko haya yamejaa vitambaa na maturubai.

Kunguni: angalia mishono minene, chini ya kola na ndani ya mifuko. Unatafuta nukta nyeusi kama za wino, maganda ya rangi ya kahawia, na mayai meupe kama punje ndogo. Usinunue ukiona. Hata usipoona, nguo ziingie kwenye mfuko wa plastiki, ufungwe, na usifunguliwe chumbani. Maji ya nyuzi 60 au kikaushio cha joto kali dakika 30 huwaua. Nguo isiyovumilia joto iweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 kamili. Kuanika mfuko juani pekee usikutegemee, katikati ya furushi joto halifiki.

Kisigino Imara

Naongezea viatu, na naomba hili lisomwe kwa makini kwa sababu linawagharimu watu wengi: kiatu kinachong'aa kana kwamba hakijavaliwa kinaweza kuwa kibovu kuliko kilichovaliwa.

Soli nyingi nyepesi, hasa za viatu vya michezo na vya kupandia milima, ni za poliyurethani, aina ya plastiki nyepesi. Unyevu wa hewani huivunja polepole, na hali hiyo huendelea hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Kiatu kilichokaa stoo miaka kadhaa kinaonekana kipya, unakivaa siku mbili, soli inamegeka kama keki kavu. Kipimo chake: bonyeza kucha ya kidole gumba kwenye ubavu wa soli. Ikinata, ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa vumbi, weka chini. Kisha kunja kiatu sehemu ya mbele na uangalie pale gundi inapokutana na ngozi. Soli iliyoachia gundi tu hubandikwa, iliyooza haina fundi.

Weka jozi juu ya meza, chuchumaa, itazame kwa nyuma. Visigino vilivyolalia upande mmoja vina umbo la mguu wa mtu mwingine, na goti lako ndilo litakalolipa. Toa soli ya ndani, pitisha mkono mpaka mbele kutafuta misumari na bitana iliyochanika. Hakikisha namba ni ileile kwa mguu wa kushoto na wa kulia, kwenye rundo jozi huchanganyika.

Kujaribu ni vizuri mchana ukiwa umesonga au jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo. Acha kama sentimita 1 mbele ya kidole kirefu.

Ngozi halisi ikikatwa, ukingo wake una nyuzinyuzi. Ya bandia ina tabaka la plastiki juu na kitambaa nyuma. Kuna ya tatu, ile ya mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa. Ikianza kubanduka magamba hakuna rangi wala mafuta yatakayoizuia.

Waya Mwekundu

Vifaa vya umeme. Msimamo wangu ni mkali: kisichoweza kuwashwa mbele yako, kithaminishe kama kimekufa. "Kinahitaji betri tu" si maelezo, ndiyo maana Mpekua amekwambia ubebe betri. Fungua kifuniko cha betri uangalie ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vyuma. Kidogo husafishika, lakini kama kutu imekula chemchemi zenyewe, maji ya betri yameshapita kwenda kwenye saketi.

Soma bamba la kifaa. Likiandikwa 100–240V, 50/60Hz, kinatumika popote. Likiandikwa 110V au 120V peke yake na nyumbani kwako umeme ni wa 220 hadi 240, usikichomeke. Kitu chenye koili ya joto, kama pasi au birika, ukikiongezea volti mara mbili nguvu inapanda mara nne, kinaungua kwa dakika chache. Transfoma itaokoa, lakini lazima iwe na wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye kifaa, na transfoma ya kubeba pasi ni nzito na ghali. Hapo unafuu umeshayeyuka.

Simu, kwa mpangilio huu:

1. Itazame ubavuni. Kioo au mgongo ukiinuka hata milimita moja, betri imevimba. Rudisha, usiibonyeze.
2. Bonyeza *#06#. Namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu, ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina namba mbili. Ilingane na iliyoandikwa kwenye mipangilio na kwenye trei ya laini au boksi, kama ipo.
3. Akaunti ya mwenye simu wa awali itolewe mbele yako, kisha simu ifutwe na iwashwe upya mpaka ifike kwenye ukurasa wa mwanzo. Ikidai nywila ya mtu usiyemjua, umeshika kioo na plastiki, si simu.
4. Weka laini yako, piga, ongea. Jaribu kamera zote, spika, kipaza sauti, kisha chomeka kwenye pawabenki uone inachaji.

Kadi za kumbukumbu na flashi za ukubwa mkubwa kwa bei ndogo ziache kabisa. Za bandia hubadilishwa zionyeshe ukubwa wa uongo, zikishajaa ukubwa wake wa kweli data mpya inafuta ya zamani au inapotea. Programu za H2testw na F3 huligundua hilo, ila huijaza kadi nzima, na muda huo sokoni huna.

Bati na Shaba

Kwa sufuria: weka sumaku chini. Chuma cha pua halisi hakivutwi na sumaku. Kikivutwa umeuziwa bati.

Nyundo Kavu

Mkuu Bati, hapo hapana, na naomba tusahihishe kabla mtu hajaacha sufuria nzuri. Chuma cha pua kiko cha aina nyingi. Kile kinachoandikwa 18/8 au 18/10 kina nikeli na kwa kawaida hakivutwi, au huvutwa kidogo sana kwenye kingo zilizokunjwa. Cha 18/0 hakina nikeli na kinavutwa vizuri, nacho ni chuma cha pua vilevile. Tena jiko la induksheni linahitaji kitako kinachovutwa, kwa hiyo mwenye jiko hilo atatafuta kinyume cha ulichosema.

Sumaku ina kazi kubwa kwenye shaba. Shaba halisi, nyekundu au ya njano, haivutwi. Kinara cha "shaba" kikiishika sumaku, ndani ni chuma kilichopakwa. Kwa dhahabu na fedha sumaku inaweza kukataa lakini haiwezi kuthibitisha, kwa sababu shaba nayo haivutwi. Alama ya 925 ni ya fedha, 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ya 14, 750 ya 18. EPNS maana yake kimepakwa fedha tu. Alama hugongwa na yeyote mwenye muhuri, kwa hiyo kito cha bei kubwa usikinunue kwenye meza ya wazi bila mtu wa kukipima.

Kikaango kizito cha chuma cha kumimina (cast iron): kiweke mahali tambarare, kibonyeze kingo. Kikicheza kimepinda, hakitakaa sawa kwenye jiko bapa. Kishike kwa mpini kining'inie, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hulia butu. Kutu ya juu isikutishe, hiyo ni kazi ya jioni moja, nayo ni sababu nzuri ya kupunguziwa. Mashimo yaliyochimbika kwenye sakafu ya kikaango hayaondoki. Cha kutonata kilichokwaruzika kiache. Vyombo vya kale vya udongo vyenye rangi kali viwe vya mapambo, ung'aro wa zamani unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Zana za mkono ndizo zinazolipa kuliko vitu vingi sokoni: patasi, randa, jiliwa, nyundo za zamani. Chuma kikiwa na unene wa kutosha kunolewa na hakina ufa, mpini hubadilishwa. Spana itazame mdomo. Ukiwa umepanuka, itakula kila nati. Drili ya umeme inuse kwenye matundu ya hewa (harufu ya vanishi iliyoungua ni mota iliyochomeka), kisha tikisa kichwa chake kushoto na kulia. Mchezo unaousikia mkononi ni bearingi zilizochoka.

Spoku

Baiskeli. Chukua rula au futi, pima viungo 24 vya cheni, pini hadi pini. Mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306 na kidogo, cheni inakaribia kubadilishwa. Ikifika 308, tegemea na gia za nyuma zimelika, na hapo gharama ni ya vitu viwili. Fremu itazame chini, karibu na mahali uma wa mbele unapoingia: rangi iliyojikunja kama mawimbi ni ishara ya kugongwa kwa mbele. Jaribu kupandisha kiti. Nguzo iliyoganda ndani ya fremu inaweza kukataa kutoka maisha. Namba ya fremu hukaa mara nyingi chini ya fremu, pale mikono ya pedali inapoingia, na ikiwa imesuguliwa, ondoka, hiyo ni mali ya mtu.

Tairi za gari: ubavuni, alama ya DOT hufuatwa na herufi na tarakimu, nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zenye tarakimu tatu zilitengenezwa kabla ya 2000, hazifai hata bure.

Visivyonunuliwa kabisa vikiwa vimetumika: helmeti na viti vya watoto vya gari. Pigo moja huharibu uwezo wake na jicho halioni kitu.

Mgeni wa Gulio

Sasa bei. Nasikia kila mahali "anza na nusu". Na jioni ndiyo bei hushuka, kweli?

Bati na Shaba

Nimepokea sahihisho la sumaku, ahsante Nyundo. Kuhusu muda, jioni ni bora kwa kila kitu, muuzaji hataki kurudi na mzigo.

Mpekua Rundo

Jioni ni bora kwa mizigo mizito na vitu vinavyojirudia: masufuria, mablanketi, samani. Kwa vitu vya kuchagua, asubuhi furushi likifunguliwa ndipo vizuri viko, ifikapo jioni unapunguziwa bei ya vilivyokataliwa na watu mia.

"Anza na nusu" ni kanuni dhaifu. Wauzaji wanaijua pia, wanaotaka hupandisha kabla, na asiyepandisha unamkera bure. Jenga bei yako hivi: kitu kikiwa kizima kingefika bei gani kwenye zile meza tatu ulizouliza? Ondoa gharama ya fundi. Ondoa tena kidogo kwa hatari ya usichokiona. Tuseme kizima ni 100, zipu na kushona ni 25, hatari 10. Kikomo chako ni 65. Anzia chini ya hapo kidogo, kama 50, na usivuke kikomo hata kama umekipenda.

Kosa lionyeshe kwa kidole, mara moja, kwa sauti ya kawaida: "zipu hii inaachia, itabidi ibadilishwe." Kuponda bidhaa yote hakusaidii. Muuzaji anajua kuwa kama ungekuwa huitaki usingekuwa umesimama pale. Baada ya kutaja bei yako nyamaza. Wengi huharibu hapo, wanajibu ukimya wao wenyewe kwa kuongeza. Ukitaka vitu vitatu, patana bei ya vyote pamoja, si kimoja kimoja. Na akikubali bei uliyoitaja, unanunua. Kutaja bei kisha kuondoka ni kumkosea mtu aliye kazini.

Sindano Tano

Nakazia na hili: chukua kilekile ulichokikagua. Hila ya kawaida ni kuonyeshwa cha juu ya meza halafu kupewa "kipya cha ndani ya boksi". Fungua boksi, anza ukaguzi upya. Usikubali kifungwe ukiwa umegeuza macho kuhesabu fedha.

Kitambaa cha mita: pima na futi yako kikiwa kimelazwa bila kuvutwa. Kitambaa chenye mnyumbuko kikivutwa wakati wa kupima, mita 3 zinaweza kurudi 2 na nusu ukifika nyumbani. Kikunjue chote, kasoro za ufumaji na mistari iliyopauka hukaa katikati ya jora, pale kwenye mkunjo. Pamba isiyofuliwa nunua ziada kidogo, inanywea.

Nyundo Kavu

Na vinavyouzwa kwa uzito, angalia mizani iko sifuri kabla ya kuweka kitu. Ukiwa na wasiwasi, weka chupa yako ya plastiki ya maji ya lita 1 iliyojaa: isome kilo 1 na gramu chache za chupa.

Mgeni wa Gulio

Swali la mwisho. Nikigundua kasoro nikiwa bado sokoni?

Mpekua Rundo

Rudi siku ileile, kitu kikiwa hakijatumika, ukiwa na ile picha ya kibanda. Kabla ya kutoka langoni tafuta mahali pa kukaa, toa kila ulichonunua, kikague mara ya pili kwa utulivu. Muuzaji huwa mwepesi kubadilisha kuliko kurudisha fedha, kwa hiyo nenda ukiwa umeshaona mezani kwake ni kitu gani ungechukua badala yake.